Juma Mgunda: Kutoka jezi ya Coastal Union hadi benchi la Namungo

LINDI. Katika soka ya Tanzania lipo jina wanalopewa makocha wanaoitwa nyumba inapokuwa tayari inawaka: 'zimamoto'. Huitwa usiku, asubuhi wakawa uwanjani, na moto ukizimika hukabidhi funguo kwa mgeni aliyeshuka na ndege. Ni makocha wachache waliolibeba jina hilo kwa muda mrefu kama Juma Mgunda, mshambuliaji wa zamani wa Coastal Union ya Tanga ambaye Oktoba 2024 alikabidhiwa Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi.

Safari ya Mgunda ni ya mchezaji aliyegeuka mwalimu, na imepita karibu kila ngazi ya soka ya nchi hii: klabu ya nyumbani, moja ya klabu mbili kubwa za Kariakoo, timu ya wanawake, timu ya taifa na hatimaye klabu ya wilaya iliyo mbali na kelele za jiji. Kuitazama safari hiyo ni kutazama pia swali ambalo wapenzi wa soka wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mingi: je, kocha mzawa ni wa kuzima moto tu, au naye anaweza kupewa nyumba aijenge?

Mtu wa Mkwakwani

Mgunda ni mtu wa Tanga, na jina lake haliwezi kutenganishwa na Coastal Union, klabu iliyoasisiwa mwaka 1948 ambayo mashabiki wake huiita 'Wagosi wa Kaya'. Alikuwa mshambuliaji wa timu hiyo katika kipindi chake cha dhahabu, wakati Coastal ilipoupeleka ubingwa wa Tanzania Bara mjini Tanga mwaka 1988. Ikumbukwe kuwa ubingwa wa Bara kutoka nje ya Simba na Yanga ni jambo la nadra, na kizazi kile cha Mkwakwani kimebaki kuwa kipimo ambacho kila timu ya Coastal iliyofuata imepimwa nacho. Mgunda aliitumikia pia timu ya taifa, Taifa Stars.

Baada ya kutundika daluga aliingia katika ufundishaji, akipanda ngazi za mafunzo hadi kupata leseni daraja A ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Leseni hiyo si pambo la ukutani. Bila ya hiyo kocha haruhusiwi kuwa kocha mkuu katika mashindano ya klabu ya CAF, na miaka michache baadaye ingemfungulia mlango ambao makocha wengi wazawa waliukuta umefungwa.

Kazi iliyomrudisha katika vinywa vya watu ilikuwa ile ya nyumbani. Mwaka 2018 Coastal Union ilirejea Ligi Kuu baada ya kusota madaraja ya chini, na Mgunda akawa kocha wake. Msimu huo klabu ilizungumzwa nchi nzima kwa sababu nyingine pia: ilimsajili mwanamuziki Ali Kiba. Lakini kilichobaki baada ya shamrashamra hizo kwisha ni kikosi cha vijana wasio na majina ambao Mgunda aliwapa nafasi na muda.

Matunda yake yalionekana mwaka 2020. Beki na nahodha Bakari Mwamnyeto alisajiliwa na Yanga, beki Ibrahim Ame akaenda Simba, naye mshambuliaji Ayoub Lyanga akaelekea Azam. Klabu tatu kubwa za Dar es Salaam zilikwenda kununua katika duka moja kwa wakati mmoja. Kwa klabu yenye kipato cha wastani hiyo ilikuwa sifa na msiba kwa pamoja, kwani kocha aliyekuwa amejenga timu alilazimika kuanza upya.

Alianza upya. Julai 2, 2022, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, Coastal Union ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, iliyokuwa imemaliza ligi bila kupoteza mchezo. Kijana Abdul Seleman 'Sopu' alifunga mabao matatu peke yake, mchezo ukaisha kwa sare ya 3-3, na Yanga ikatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Wapo waliosema Coastal ilipoteza kombe siku ile. Lakini ilikuwa imetangaza, mbele ya nchi nzima, kwamba ina kocha.

Simu kutoka Msimbazi

Ili kuelewa uzito wa kilichofuata, sharti kurudi nyuma mwaka mmoja. Oktoba 24, 2021, Simba iliingia Uwanja wa Benjamin Mkapa ikiwa na ushindi wa 2-0 ilioupata ugenini dhidi ya Jwaneng Galaxy ya Botswana. Ilihitaji kulinda ushindi huo tu ili iingie hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilifungwa 3-1 nyumbani, ikatolewa, na kocha Didier Gomes akaondoka. Jeraha hilo lilikuwa bado bichi pale ambapo, mwanzoni mwa Septemba 2022, kocha Zoran Maki alipoachana na klabu zikiwa zimesalia siku chache kabla ya mechi ya kwanza ya mashindano hayo hayo.

Septemba 7, 2022 Simba ilimtangaza Mgunda kuwa kocha wa muda. Hakuwa amesajili mchezaji hata mmoja wa kikosi kile, wala hakuwa na wiki za mazoezi ya kabla ya msimu. Siku tatu baadaye alikuwa Lilongwe, Malawi, na Simba ikaifunga Nyasa Big Bullets 2-0. Katika marudiano Dar es Salaam matokeo yakawa yale yale, 2-0.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Angola. Oktoba 9, 2022 Simba iliifunga Primeiro de Agosto mabao 3-1 mjini Luanda, matokeo ambayo timu za Tanzania hazijazoea kuyaleta kutoka katika nchi hiyo, kisha ikashinda 1-0 nyumbani wiki moja baadaye. Mechi nne, ushindi mara nne, na tiketi ya makundi mkononi. Wiki iliyofuata, Oktoba 23, alikutana na Yanga katika mchezo wa watani wa jadi na kutoka sare ya 1-1.

Mashabiki, waliokuwa wameanza kwa mashaka, wakampachika jina la 'Guardiola Mnene', kwa kumfananisha na kocha wa Manchester City kutokana na timu yake kupenda kumiliki mpira na kupiga pasi fupi fupi. Ni jina la utani, lakini ndani yake mlikuwa na heshima ambayo kocha mzawa huipata kwa nadra katika klabu hizo.

Hata hivyo, Januari 2023 Simba ilimtangaza Mbrazili Roberto Oliveira 'Robertinho', aliyekuwa Vipers ya Uganda, kuwa kocha mkuu. Mgunda alirudi kiti cha msaidizi. Robertinho aliifikisha timu robo fainali, ikatolewa na Wydad ya Morocco kwa mikwaju ya penalti, na yeye mwenyewe akaondoka Novemba 2023 baada ya kipigo cha 5-1 kutoka kwa Yanga.

Wanawake, Stars na moto wa pili

Kwa kocha mwingine, kupelekwa timu ya wanawake baada ya kuiongoza timu kubwa ya wanaume kungehesabiwa kuwa kushushwa cheo. Mgunda aliichukua Simba Queens na kuipa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2023/24.

Katikati ya msimu huo moto uliwaka kwingine. Januari 2024, katika fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Ivory Coast, Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Morocco katika mchezo wa kwanza. Kocha wake, Adel Amrouche, alifungiwa na CAF kwa matamshi aliyoyatoa kuhusu soka ya Morocco, nalo Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) likamsimamisha. Timu akapewa Mzanzibari Hemed Suleiman, ambaye kwa kinaya cha mambo hujulikana kwa jina la 'Morocco', na msaidizi wake akawa Mgunda. Stars ilitoka sare ya 1-1 na Zambia kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Haikufuzu, lakini ilirudi nyumbani na heshima yake. Haikuwa mara ya kwanza kwa Mgunda: mwaka 2019 yeye na Selemani Matola walikuwa wasaidizi wa Etienne Ndayiragije wakati Stars ilipofuzu fainali za wachezaji wa ndani kwa kuitoa Sudan.

Miezi mitatu baada ya Ivory Coast, simu ya Msimbazi ililia tena. Abdelhak Benchikha aliondoka Simba mwishoni mwa Aprili 2024, na timu wakaachiwa Mgunda na Matola. Mchezo wao wa kwanza, Aprili 30, 2024, ulikuwa Ruangwa dhidi ya Namungo na uliisha kwa sare ya 2-2. Simba ilimaliza msimu ikiwa na pointi 69 sawa na Azam, lakini ikashika nafasi ya tatu kwa tofauti ya mabao. Msimu mpya ulipokaribia akaletwa Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini. Funguo zilikabidhiwa kwa mara nyingine.

Ruangwa si mji wa kupita

Namungo si klabu kongwe kama Coastal. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 pamoja na Polisi Tanzania, na katika msimu wake wa kwanza, ligi ikiwa na timu 20, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Aliyekuwa akiifundisha ni Mnyarwanda Hitimana Thierry. Ilifika pia fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga Agosti 2, 2020, na kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Kilichofuata kimebaki katika simulizi za Lindi. Chini ya Hemed Morocco, aliyempokea Hitimana, Namungo iliitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha ikasafiri kwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto, timu ile ile ambayo Mgunda angeitoa mwaka uliofuata. Mchezo haukuchezwa. Mamlaka za Luanda ziliwazuia baadhi ya watu wa msafara kwa maelezo ya maambukizi ya Uviko-19, na CAF ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Namungo ilishinda 6-2, ikafungwa 3-1, na kuingia makundi kwa jumla ya mabao 7-5. Huko ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, na kupoteza michezo yote sita. Ilikuwa bei ya shule, na Namungo iliilipa kwa fedha taslimu.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Ruangwa ni jina la kwenye ratiba ya ligi. Kwa mkoa wa Lindi ni zaidi ya hapo. Baada ya Ndanda ya Mtwara kushuka daraja mwaka 2020, Namungo ndiyo iliyobaki kubeba bendera ya mikoa hiyo miwili ya pwani ya kusini katika Ligi Kuu, na mashabiki wake huiita 'Wauaji wa Kusini'. Uwanja wake, uitwao Majaliwa, umepewa jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Wilaya yenyewe inaishi kwa korosho na ufuta, na chini ya ardhi yake mna madini ya kinywe.

Umbali nao ni mpinzani. Timu inayotoka Dar es Salaam kwa basi huvuka Rufiji katika Daraja la Mkapa, huipita Nangurukuru na njia panda ya kwenda Kilwa, hufika Lindi, kisha hupanda bara na kuchepuka Nanganga kuelekea Ruangwa. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo wilayani Kilwa, na kusini ikatengwa na jiji kwa siku kadhaa. Klabu ya Ruangwa husafiri njia hiyo kwenda na kurudi karibu kila inapocheza ugenini. Mchezaji anayetafutwa na klabu tajiri ya jijini huhitaji sababu ya ziada ili akubali kuishi huko, na mara nyingi sababu hiyo huwa ni kocha.

Hiyo ndiyo timu aliyopewa Mgunda Oktoba 2024, akichukua nafasi ya Mwinyi Zahera. Msimu ulikuwa umeshaanza, kikosi hakikuwa cha kwake, na matokeo hayakuwa ya kuridhisha. Kwa maneno mengine, ulikuwa moto mwingine. Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, timu zilizoshuka moja kwa moja zilikuwa Kagera Sugar na KenGold, na Namungo ilibaki Ligi Kuu. Hakuna kombe linalotolewa kwa kubaki. Lakini kwa Lindi tofauti kati ya kubaki na kushuka ni tofauti kati ya kuwaona Simba na Yanga uwanjani nyumbani na kuwasikiliza redioni.

Mfano wa Waingereza

Hali ya Mgunda si ya Tanzania pekee. Septemba 2016, England ilimpoteza kocha wake Sam Allardyce baada ya mchezo mmoja tu, ikamwita Gareth Southgate azime moto. Southgate alikuwa beki wa zamani wa Crystal Palace, Aston Villa na Middlesbrough, mwenye mechi 57 za timu ya taifa, ambaye Waingereza wengi walimkumbuka kwa penalti aliyoikosa dhidi ya Ujerumani mwaka 1996. Kama kocha wa klabu, Middlesbrough ilikuwa imeshuka daraja mikononi mwake mwaka 2009. Alipewa mechi nne za majaribio, kisha akapewa timu. Hadi alipojiuzulu Julai 2024, alikuwa ameifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2018 na fainali mbili za Ulaya.

Upande wa pili yupo Mwingereza Dylan Kerr, aliyewahi kuchezea Leeds United na Reading na kutwaa Kombe la Scotland akiwa na Kilmarnock mwaka 1997. Simba ilimpa kazi Julai 2015 na kumwondoa Januari 2016. Hakuharibikiwa: aliipa Gor Mahia ya Kenya ubingwa wa 2017 na 2018, na mwaka 2023 aliifikisha Marumo Gallants ya Afrika Kusini nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilitolewa na Yanga kwa jumla ya mabao 4-1. Kwa hiyo si mzawa peke yake anayenyimwa muda. Tofauti ni kwamba Kerr alipoingia Msimbazi aliingia kama mwenye nyumba, hata kama alikaa miezi sita tu. Mgunda aliingia mara mbili, na mara zote mbili kama mpangaji.

Waliopita njia moja

Ukiitazama orodha ya makocha wa Namungo, jambo moja hujitokeza. Hitimana Thierry aliondoka Ruangwa na mwaka 2021 akawa msaidizi Simba, na Gomes alipoondoka ndiye aliyeshika timu. Hemed Morocco aliondoka Ruangwa, akaokota Stars Ivory Coast na kuifikisha fainali za Afrika za 2025 kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, Novemba 19, 2024. Agosti 2025 aliifikisha pia robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ndani yaliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali alizofuzu mwenyewe, TFF iliachana naye na timu akapewa Muargentina Miguel Gamondi kwa muda.

Haki inataka isemwe pia kwamba chini ya Gamondi Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kabla ya kutolewa na wenyeji Morocco kwa bao 1-0. Anayetetea makocha wa kigeni ana hoja mkononi. Lakini tiketi ya safari ile ilikatwa na mtu aliyebaki nyumbani, na swali la angefika wapi halitapata jibu.

Ndiyo maana kazi ya Ruangwa ina uzito kuliko inavyoonekana katika msimamo wa ligi. Katika klabu kubwa Mgunda alihesabiwa kwa siku: siku tatu kabla ya Lilongwe, siku mbili kabla ya Ruangwa. Sifa yake iliyodumu zaidi, ile ya kuwatoa akina Mwamnyeto na Sopu, aliijenga pale alipohesabiwa kwa misimu, katika klabu isiyo na fedha za kununua majina. Namungo nayo haina fedha hizo. Mshambuliaji wa ubingwa wa 1988 aliwahi kuonyesha kwamba anaweza kuingia katika nyumba inayoungua na kutoka na watu wakiwa salama. Alichokihitaji siku zote ni kile ambacho zimamoto hapewi: muda wa kukaa, kuchimba msingi na kuona ukuta ukipanda.